Barua kwa Mwanangu: Kizazi Hakilipizi Kisasi

Mwanangu,

Hapana. Mimba hii haikutoka kwa sababu ya ile uliyoitoa. Na ndiyo, kwa yote uliyonieleza, sioni kinachokuzuia kushika mimba nyingine na kuizaa. Nimetanguliza majibu kwa sababu nakujua: tangu utotoni kitabu ulikuwa unakianzia ukurasa wa mwisho. Haya, mwisho umeshausoma. Sasa tulia tuyachambue, maana ujumbe wako wa juzi usiku ulikuwa na maswali mawili juu, na mengine kama sita yamejificha chini yake.

Niyarudie uliyoniambia, unisahihishe nilipokosea. Una miaka 29. Ulipokuwa na 21, ukiwa chuoni, ulishika mimba, na ilipofika wiki ya sita au ya saba ukaitoa kwa vidonge, chumbani, rafiki mmoja tu akijua. Damu ilitoka siku kumi hivi ikakauka, na mwezi uliofuata ukaona siku zako kama kawaida. Hukupata homa, hukutokwa na uchafu wenye harufu. Mwaka huu mlipoamua kutafuta mtoto, ulishika mimba mwezi wa nne wa kujaribu. Wiki ya tisa ukaona matone, mkaenda kupima, picha ikaonyesha mapigo ya moyo hayapo. Wakakusafisha kwa pampu ya kunyonya. Leo ni wiki ya tatu. Hujaona hedhi, na kipimo cha mkojo ulichopima bafuni kwa kujificha kinaonyesha mistari miwili, wa pili umefifia. Na kila ukifumba macho unasikia maneno yale yale: wanaotoa mimba, siku moja watamtafuta mtoto wasimpate.

Maneno hayo nayajua. Ni yangu.

Uliandika kwamba hukuniambia wakati ule kwa sababu "mama ni mkunga, angeniua." Neno hilo limeninyima usingizi siku mbili, mpaka nikaikumbuka jioni yenyewe. Ulikuwa na miaka 13, unaosha vyombo, mimi nimerudi zamu nikiwa hoi. Mchana ule tulimpokea msichana aliyetolewa mimba na mtu asiye na ujuzi, kwa chuma ambacho hakikuchemshwa. Alikuwa amekaa na homa siku tano akiogopa kusema. Alipofika kwetu tumbo lilikuwa limejaa usaha, na madaktari, ili kumwokoa, wakalazimika kumtoa kizazi. Alikuwa na miaka 19. Nilikuwa na hasira, mwanangu, na hasira ile ilipaswa kumwendea aliyemfanyia vile, na woga uliomfungia chumbani siku zote hizo. Badala yake nikaimwaga mezani mbele ya baba yako, kwa sauti, kana kwamba nahubiri. Sikukumbuka kwamba pale kwenye karai la vyombo kulikuwa na mtu mwenye masikio.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata wakati ule nilijua si kweli. Kazini nilikuwa nawaambia wagonjwa ukweli, nyumbani nikasema uongo kwa sababu ulikuwa mtamu mdomoni. Miaka minane baadaye ukawa chumbani peke yako na vidonge, una mkunga mzima nyumbani na huwezi kumpigia simu. Sisemi ulichofanya kilikuwa salama. Ungeweza kutokwa damu pale pasipo mtu wa kukubeba. Nasema tu kwamba najua ni nani aliyeufunga mlango ule.

Basi acha leo nikuambie kama ninavyomwambia mgonjwa.

Kinachoharibu kizazi baada ya mimba kutoka, iwe imetoka yenyewe au imetolewa, ni vidudu, ni jeraha, ni mabaki yaliyoachwa ndani yakaoza. Mwili hauulizi nia. Kizazi hakina daftari la kuandika nani alitaka na nani hakutaka. Mirija ya uzazi ni myembamba mno, na ndani imefunikwa na vinyweleo visivyoonekana kwa macho, kazi yake kulisukuma yai kuelekea kwenye mfuko wa uzazi. Vidudu vikipanda kutoka chini vikaingia humo bila kutibiwa, vinaacha makovu. Mrija unaweza kuziba kabisa. Au unabaki wazi ila vile vinyweleo vimekufa, yai lililorutubishwa likakwama njiani, na hapo ndipo mimba inapotunga nje ya kizazi. Huo ndio ugumba ambao watu wanauona kwa macho yao kwa mwanamke aliyetolewa mimba kwa njia chafu, kisha wanausimulia kama laana. Ni usaha. Angepata vidudu hivyo hivyo baada ya kujifungua, au kwa ugonjwa wa zinaa usiotibiwa, mirija ingeziba vile vile. Mimba iliyotolewa kwa dawa sahihi katika wiki za mwanzo, au kwa pampu yenye vifaa visafi, ikatoka yote, bila maambukizi, haimzuii mtu kuzaa.

Na ushahidi unao mwenyewe. Ulishika mimba mwezi wa nne wa kujaribu. Mrija ulioziba haupitishi yai, mwanangu. Mimba hii unayoililia ndiyo iliyokuonyesha kwamba njia iko wazi, na kwamba mayai yanapevuka, na kwamba mfuko unapokea. Ilikaa mahali pake. Hilo lisikupite.

Sasa kwa nini ilitoka? Daktari alikwambia "hutokea tu," ukaona anakukwepa. Hakukukwepa, ila alikuwa na haraka. Iko hivi. Yai la mwanamke hubeba kromosomu 23, mbegu ya mwanamume 23, zikikutana zinakuwa 46. Hizo ni nyuzi zenye maelekezo yote ya kumjenga mtu. Katika kugawana nyuzi hizo, wakati mwingine mmoja unabaki upande usio wake, na badala ya 46 zinatokea 47, au 45. Mimba inaanza, kipimo kinasoma, kichefuchefu kinakuja, halafu ujenzi unafika mahali maelekezo hayasomeki na moyo unasimama. Karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema, na pengine zaidi ya nusu, zina kosa la namna hiyo. Ni kosa la mwezi ule, la yai lile au mbegu ile. Halikuanzia chuoni.

Mwaka 2021 jarida la tiba la Lancet lilichapisha hesabu kwamba mimba zipatazo milioni 23 hutoka kila mwaka duniani, yaani karibu 15 katika kila mia zinazojulikana. Nyingi hutoka kabla ya wiki ya 12, kama yako. Sikupi hesabu hii ikufute machozi, maana takwimu haijawahi kumfuta mtu machozi. Nakupa uitazame: kama hii ni adhabu, basi ni adhabu ya ajabu, inawapiga hata waliosubiri ndoa, hata wake wa wachungaji na wa masheikh, hata waliosali miaka kumi wapate mimba hiyo moja. Nimewashika mikono wengi wao.

Halafu kuna ile orodha yako ya mambo ambayo huenda uliyakosea. Sanduku ulilobeba ngazini, siyo. Ugomvi wenu wa wiki ya nane, siyo. Kulala na mumeo, siyo. Vidonge vya uzazi wa mpango ulivyomeza miaka mitatu, siyo. Dawa hiyo ukiiacha haiachi kitu nyuma cha kuua mimba. Yapo yanayoongeza hatari kweli: umri ukisogea, hasa kuanzia 35 kwenda juu, sigara, pombe nyingi, kisukari kisichodhibitiwa, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, malaria na maambukizi mengine. Katika hayo sijaona lako.

Tuje bafuni.

Kipimo cha mkojo hakimpimi mtoto. Kinapima homoni ya mimba, hCG, inayotengenezwa na kondo la nyuma. Mimba ikitoka, homoni hiyo haizimiki kama taa. Inapungua siku hadi siku, na yaweza kuchukua wiki nne au hata zaidi mpaka kipimo kisiione. Mstari uliofifia katika wiki ya tatu ni jambo la kutarajia. Acha kupima kila asubuhi, unajichoma bure. Ngoja wiki ya tano itimie, pima mara moja. Ikiwa bado ni mistari miwili, nenda wakupime damu na wakupige picha. Inawezekana yamebaki mabaki ndani. Inawezekana, ingawa ni mara chache sana, ni mimba zabibu, ambapo kondo linakua ovyo, na huwa inafuatiliwa kwa vipimo vya damu hadi homoni iishe kabisa. Au inawezekana ni mimba mpya.

Ndiyo, mimba mpya. Hapa ndipo wengi hunaswa. Yai laweza kupevuka wiki mbili tu baada ya mimba kutoka, na kwa wengi hupevuka ndani ya mwezi wa kwanza. Hedhi huja kama wiki mbili baada ya yai, kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya sita tangu mimba itoke, wengine hadi ya nane. Hesabu mwenyewe: yai linatangulia, damu inafuata. Anayesema "sijaona siku zangu kwa hiyo siwezi kushika mimba" amekosea hesabu. Kama hamtaki sasa hivi, anzeni njia ya kujikinga sasa. Nyingi zinaweza kuanza siku ile ile mimba ilipotoka. Hedhi ya kwanza ikija nzito kuliko ulivyozoea, au ikaja na maumivu zaidi, usishtuke. Ya pili au ya tatu huwa imerudi kwenye mstari wake.

Ila kuna mambo ambayo hayasubiri wiki ya tano. Ukilowesha pedi kubwa mbili ndani ya saa moja, na saa inayofuata tena. Ukipata homa ya nyuzi 38 isiyoshuka. Uchafu ukianza kunuka. Tumbo likiuma kiasi cha kutosikia dawa. Au kizunguzungu cha kutaka kuanguka, usinipigie kwanza. Nenda kwanza, nipigie ukiwa njiani. Yule msichana angekwenda siku ya kwanza ya homa, angepewa dawa za vidudu na leo pengine angekuwa mama wa watoto watatu.

Na mpaka damu ikauke kabisa, usiingize kitu ukeni, wala msikutane. Hapo naweka na hizo dawa zinazotangazwa kwamba zinasafisha kizazi, zinafungua mirija, zinarudisha mayai. Najua umeziona, najua kuna aliyekutumia. Kizazi hakihitaji kusafishwa na mtu anayeuza dawa kwa simu. Ngozi yake ya ndani huvuliwa kila mwezi ikaota upya, hiyo ndiyo hedhi yenyewe. Kinachoingizwa kwa nguvu kutoka nje ndicho kinachobeba vidudu.

Uliniuliza kama kusafishwa hospitali "kumekukwangua." Swali zuri, na afadhali uliuliza. Zamani, tulipoanza kazi, kijiko cha chuma chenye makali ndicho kilichotumika, kinakwangua ukuta hadi mkono usikie umefika. Leo WHO, Shirika la Afya Duniani, haishauri tena kijiko kile. Inashauri pampu ya kunyonya, au dawa. Kukwangua kukizidi, au kukirudiwa rudiwa, au kukichanganyika na maambukizi, kuta za ndani zaweza kushikana kwa makovu. Ugonjwa huo umepewa jina la Joseph Asherman, daktari aliyeueleza mwaka 1948. Kwa mtu aliyesafishwa mara moja kwa pampu, mimba ikiwa changa, hatari yake ni ndogo. Lakini nakupa dalili zake ili usikae gizani: wiki nane zikipita, kipimo kimesoma mstari mmoja, na hedhi haijaja, au inakuja matone matone tofauti kabisa na yako ya zamani, au tumbo linakata kila mwezi kama la hedhi na damu haitoki. Ukiona hivyo, nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, umtajie kwamba ulisafishwa. Wana kamera nyembamba inayopitishwa kwenye shingo ya kizazi. Wanaona makovu na wanayakata hapo hapo. Nimekutajia hata tiba kwa makusudi, kwa sababu wewe ukisikia ugonjwa unakuwa umeshaupata.

Sasa lini mjaribu tena. Mkwe wangu anataka mwezi ujao, daktari amesema miezi sita, na wewe, kwa maneno yako, hutaki hata kuguswa bega. Miezi sita ilitoka kwa wataalamu walioitwa na WHO mwaka 2005. Nami nimeihubiri miaka mingi, mpaka wanawake wakawa wananijibu wao kabla sijauliza. Baadaye, mwaka 2010, ulichapishwa uchunguzi wa Scotland wa wanawake zaidi ya 30,000 waliopoteza mimba yao ya kwanza. Walioshika tena kabla ya miezi sita hawakufanya vibaya. Mimba zilizotoka tena zilikuwa chache kwao, na zilizotunga nje ya kizazi pia, kuliko kwa waliosubiri hadi mwaka. Tafiti zilizofuata zimeelekea huko huko. Nikabadilisha mahubiri.

Kwa hiyo kwa upande wa kizazi, ukishaona hedhi moja ya kawaida, njia ni nyeupe. Hiyo hedhi moja ninaitaka zaidi kwa ajili ya hesabu, ili mimba ikija tujue tarehe yake bila kubahatisha. Ikija kabla ya hapo, haitakuwa na dosari kwa sababu hiyo. Wanaotakiwa kusubiri kweli wapo: mwenye mimba zabibu mpaka daktari amruhusu, aliyetibiwa mimba ya nje ya kizazi kwa dawa ya methotreksati angalau miezi mitatu, mwenye maambukizi hadi yaishe, na aliyepungukiwa damu sana mpaka ijae. Wewe pima wingi wa damu, maana ulitokwa na damu. Waulize pia kundi lako la damu. Kama ni hasi, uliza kama ulihitaji ile sindano ya anti-D, inayozuia mwili wa mama usije ukaishambulia damu ya mtoto wa baadaye, na kama ulipewa. Na anza asidi ya foliki sasa, mikrogramu 400 kila siku, usingoje kipimo kisome. Mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufungwa ndani ya wiki nne za kwanza, wengi wakiwa hawajajua hata kama wana mimba.

Hayo ya kizazi. Kuhusu bega lisilotaka kuguswa, hapo mwenye ruhusa ni wewe, siyo utafiti, siyo mumeo, siyo mimi ninayetamani mjukuu. Mwili wako umepona haraka kuliko ulivyojipa nafasi ya kulia. Uchunguzi mmoja wa hospitali tatu za London, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kwamba mwezi mmoja baada ya kupoteza mimba changa, wanawake 29 katika mia walikuwa na dalili za mshtuko kama za mtu aliyenusurika ajali: ndoto mbaya, picha zinazorudi, kuogopa mahali palipotokea. Baada ya miezi tisa walikuwa bado 18 katika mia. Nakusikia ukisema "lakini ilikuwa wiki tisa tu." Sijui nani alikufundisha neno hilo "tu." Ulikuwa umeshahesabu mwezi wa kuzaa. Usingizi ukiendelea kukataa, au ukaanza kuona afadhali usiwepo, hilo ni la hospitali kama lilivyo la damu nyingi, na ni siku ile ile.

Umesema mumeo halii. Siku mliyotoka hospitali alinipigia. Alisema, "Mama, tumempoteza," akakata simu. Nilidhani mtandao. Nikapiga, hakupokea. Baada ya robo saa akaandika kwamba chaji iliisha. Mwanangu, mimi nimeolewa miaka mingi, chaji ya namna ile naijua. Huko kukimbilia mwezi ujao ndiko kulia kwake. Mwambie unamhitaji alie na wewe kwanza, halafu mengine yatafuata; huenda hajui kwamba ameruhusiwa.

Je, umwambie habari ya chuoni? Hapa uliandika kama unayesubiri nikuamuru, na sitakuamuru. Ile ilikuwa kabla yake, na siyo ugonjwa kwamba ataambukizwa. Ninachoomba ni kimoja: ukiamua kumwambia, usimwambie siku unayolia. Usije ukaliweka mbele yake kama maungamo, akapokea hivyo, mkaanza kuishi wote wawili na uongo niliousema mezani. Daktari ni tofauti. Akikuuliza umeshika mimba ngapi, sema mbili, moja uliitoa kwa vidonge, moja ilitoka ikasafishwa. Anahitaji kujua ili asome mwili wako sawasawa. Akikunja uso, ni uso wake, tafuta mwingine.

Yanayobaki niyapitie haraka. Waliopoteza mimba moja, kwa karibu wanane katika kumi mimba inayofuata huvuka. Mkijaribu mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, nendeni wote wawili. Wawili, nasisitiza, kwa sababu kupima mbegu ni rahisi kuliko kupima mirija na bado wanaume huletwa mwisho. Ungekuwa na 35 ningesema miezi sita. Na Mungu apishe mbali, mimba ya pili mfululizo ikitoka, usikubali tena "hutokea tu." Hapo kuna ya kutafuta: tezi, sukari, umbo la mfuko, kromosomu zenu ninyi wawili, na ule ugonjwa wa damu kuganda kupita kiasi ambao wenye nao hupewa aspirini ndogo na sindano za hepari za kuzuia damu isigande, wakazaa. Lakini hatujafika huko, na sioni kwamba tunaelekea huko.

Nimeandika sana, na baba yako ameuliza mara mbili naandikia nani kwa muda wote huu. Nimemwambia nakuandikia wewe kuhusu afya. Mengine hajui, na hatayajua kwangu.

Wiki ya tano ikitimia, pima siku hiyo moja tu. Pima asubuhi, mkojo wa kwanza. Uwe mmoja au miwili, nipigie, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri. Simu italala kando ya mto wangu. Ila safari hii, nikipokea, usianze kwa kuomba radhi.

Mama yako